Usilipie Vita Vilivyoisha: Historia Fupi ya Kompyuta Yako ya Kwanza ya Gemu na Strimu

Swali ninaloulizwa zaidi na wasee wanaoanza ni moja, linabadilika namba tu: "Niko na elfu themanini, ninunue nini nicheze na pia nistrimu?" Kuna wa elfu hamsini, kuna wa laki moja na kitu. Wengine pesa ni ya HELB, wengine ni mkopo ambao mama amewachukulia kwa chama. Halafu wanaenda YouTube, wanapata listi ya Mmarekani, wanabadilisha dola kuwa shilingi, wanaongeza ushuru na VAT ya asilimia 16, na ndoto inafia hapo hapo kwa kalkuleta.

Leo sianzi na listi. Naanza na historia, na nina sababu. Kila kifaa ndani ya hiyo kompyuta kiko pale kwa sababu kuna vita vilipiganwa juu yake. Vita vingine viliisha zamani, na silaha zake zinauzwa kwa bei ya kutupa. Vingine bado vinaendelea, na hapo ndipo bei iko juu. Maoni yangu ni haya na nitayatetea hadi mwisho: mtu wa kompyuta ya kwanza asilipie vita vilivyoisha. Pesa kidogo aliyo nayo aiweke mahali vita bado viko. Shida ni kwamba listi nyingi hazikuambii ni vipi vimeisha.

Kwa nini unaruhusiwa kuchagua

Kwanza jiulize kwa nini hata inawezekana kununua kifaa kimoja Moi Avenue, kingine Luthuli, kingine kwa msee wa Facebook, na vyote vikaingiana. Simu yako huwezi kuifanyia hivyo. Hata gari: jaribu kuweka injini ya Probox kwa Demio uone fundi atakavyokuangalia.

Jibu liko mwaka wa 1981. IBM, jitu la kompyuta la wakati huo, lilitaka kuingia soko la kompyuta ndogo haraka. Kikundi kidogo kule Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, kilipewa kama mwaka mmoja tu. IBM ilikuwa na desturi ya kutengeneza karibu kila kitu yenyewe, lakini kwa muda huo haingewezekana. Kwa hivyo wakachukua vifaa vya watu wengine: prosesa ya Intel 8088, mfumo wa uendeshaji kutoka Microsoft, diski kutoka nje. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM PC ikatoka, bei ya kuanzia dola 1,565, ikiwa na nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada. Na wakafanya kitu ambacho leo ni kama muujiza: wakachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya mashine yenyewe, ili watu wa nje watengeneze kadi za kuingia ndani.

Kilichobaki mkononi mwa IBM kilikuwa kimoja: BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine ukiiwasha. Hiyo ilikuwa na hakimiliki. Compaq, kampuni changa ya Texas, ikapata njia halali ya kuzunguka. Kundi moja la wahandisi lilichunguza BIOS ya IBM inafanya nini na kuandika maelezo. Kundi lingine, ambalo halijawahi kuona msimbo wa IBM, likaandika BIOS mpya kwa kufuata maelezo hayo tu. Mashine yao ikatangazwa Novemba 1982. Muda si mrefu kampuni ya Phoenix ikaanza kuuzia yeyote BIOS ya aina hiyo, na kloni zikajaa dunia nzima. Mwaka wa 1987 IBM ilijaribu kufunga mlango tena kwa mashine za PS/2, zenye njia ya kadi iliyohitaji leseni. Wapinzani tisa wakaungana, wakatengeneza njia yao wenyewe. IBM ikashindwa, na mwaka wa 2005 biashara yake ya PC ikaishia mikononi mwa Lenovo ya Uchina.

Kisha 1995 Intel ikatoa vipimo vinavyoitwa ATX: ukubwa wa mazabodi (ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote), mashimo ya skrubu yake, umbo la pawa saplai. Karibu kila mtu akavifuata, na tunavifuata hadi leo.

Hivi vita vimeisha, wasee. Kampuni yoyote inayofuata ATX, kifaa chake kitaingia. Maana yake kwako ni kwamba kasha la bei ghali lenye kioo na taa za rangi halifanyi gemu ikimbie. Mazabodi ya jina kubwa yenye maneno ya "gaming" kila kona haifanyi strimu yako iwe safi. Unahitaji mazabodi inayokubali prosesa yako, yenye nafasi ya kuongeza RAM baadaye, na kasha linalopitisha hewa. Basi.

Mitumba ya ofisi na mwaka wa 2017

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu wengi wetu hatununui kipya. Tunanunua zile mashine za ofisi za ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ofisi fulani Ulaya imezitumia miaka kadhaa, ikazitoa zote kwa siku moja, na sasa zimepangwa kwa rafu mjini Nairobi. Hakuna aibu hapo. Gikomba, nguo safi inayochaguliwa mapema bale likifunguliwa inaitwa kamera. Kompyuta za mitumba pia ziko na kamera zake, na ili uijue inabidi ujue kilichotokea mwaka wa 2017.

Tangu mwisho wa 2006, prosesa za kawaida za Intel, za nyumbani na ofisini, zilikuwa zimefika viini vinne na kukwama hapo. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Miaka kumi, wafanyakazi wanne. AMD, mpinzani wake, ilikuwa imelemewa kiasi kwamba Intel haikuwa na presha yoyote. Halafu Machi 2017 AMD ikatoa Ryzen. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499, wakati ya Intel yenye viini vinane ilikuwa inauzwa zaidi ya dola elfu moja. Kufika Oktoba mwaka huo huo, Intel ilikuwa imetoa kizazi cha 8, na i5 ya kawaida ikaruka kutoka viini vinne hadi sita.

Sasa angalia stika ya mashine iliyo mbele yako dukani. i5-7500: hiyo 7 ya kwanza ni kizazi cha 7, viini vinne. i5-8500: kizazi cha 8, viini sita. Kwa macho ni masanduku mawili meusi yanayofanana kabisa. Lakini moja imetengenezwa kabla Intel haijashtuliwa, na nyingine baada. Kwa mtu anayecheza gemu na kutuma video kwa wakati mmoja, hivyo viini viwili vya ziada ni tofauti kati ya gemu inayotiririka na gemu inayokwama kila adui akitokea.

Kuna sababu ya pili. Windows 11 ilipotoka 2021, Microsoft ilikata laini karibu hapo hapo: kwa Intel, rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache tu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Unaona kwa nini mashine za kizazi cha 6 na 7 ni rahisi siku hizi? Maofisi ya huko nje yana sababu nzuri ya kuzitoa. Muuzaji atakuambia "hii ni i5 kama ile, tena imeshuka bei." Kweli imeshuka. Sasa wewe unajua kwa nini.

Halafu kuna mtego mmoja, na unatoka kwa historia ile ile ya 1981. Nimesema karibu kila mtu alifuata ATX. Watengenezaji wa mashine za ofisi ndio wengi wao walioacha njia. Nyingi zinatumia pawa saplai ya umbo lao na plagi yao, na mazabodi isiyoingia kwa kasha lingine. Ndiyo maana msee ananunua OptiPlex, anapata kadi ya grafiki yenye nguvu, halafu anagundua pawa saplai haina waya wa kuilisha na huwezi kuibadilisha na ile ya kawaida ya dukani bila adapta. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue kifuniko. Nunua ile ya kasha la mnara, sio ile nyembamba ya kulala chini ya skrini. Soma wati zilizoandikwa kwa pawa saplai. Angalia kama kuna waya wa ziada wa kadi. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka linalofuata, hayako machache.

Kadi ya grafiki: vita ambavyo haviishi

Hapa ndipo pesa yako inaenda, na ni haki iende.

Mwaka wa 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi inayoitwa Voodoo. Ilikuwa ya ajabu: haikuweza kuonyesha hata ukurasa wa kawaida. Kazi yake ilikuwa gemu za 3D peke yake, kwa hivyo ulibaki na kadi yako ya zamani, ukatoa waya kutoka kwayo kuingia Voodoo, kisha kutoka Voodoo hadi skrini. Kadi mbili kwa skrini moja, na watu walilipa kwa furaha kwa sababu gemu kama Quake zilikuwa na sura tofauti kabisa. Mwaka wa 1999 NVIDIA ikatoa GeForce 256 na kuitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani. Mwisho wa 2000 NVIDIA ikakubaliana kununua mali ya 3dfx, na 3dfx ikaisha. ATI ya Canada ikabaki kama mpinzani mkubwa hadi AMD ilipoinunua 2006 kwa dola bilioni 5.4.

Hadi hapo ni hadithi ya wachezaji gemu. Halafu watu wakagundua kwamba kadi inayopiga hesabu ndogo ndogo maelfu kwa wakati mmoja inaweza kufanya kazi zingine. Wakaja wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Kati ya 2020 na 2022, Covid ikiwa imevuruga viwanda na Ethereum ikilipa vizuri, kadi zilipotea madukani dunia nzima. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake, kadi hazikuhitajika tena, na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Kabla hatujapumua, ikaja AI. Mwishoni mwa 2025 hata bei ya RAM ilikuwa inapanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vya memori vinapata faida zaidi kuuzia vituo vya data. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, brandi yake ya RAM na SSD za watu wa kawaida.

Kwa hivyo ukisimama dukani, unashindana na watu ambao hata hawachezi gemu. Ndiyo sababu listi ya mwaka jana haifai mwaka huu, na kusubiri "bei ishuke" si mpango. Kadi iliyotumika ni chaguo halali kabisa, lakini ipimwe. Ichomekwe mbele yako, ichezeshwe gemu nzito dakika ishirini, usikilize feni, uangalie kama picha inapasuka. Tumia GPU-Z, programu ya bure, kusoma jina lake halisi. Sokoni kuna kadi za kale zilizoandikwa upya BIOS zijiite GTX 1050 Ti, na GPU-Z inaweza kuzigundua nyingi. Ona mzunguko wa historia: ujanja wa BIOS uliotupa uhuru wa kuchagua 1982, leo kuna watu wanautumia kutuibia.

Strimu: kutoka mashine mbili hadi moja

Watu wengi hawajui hii sehemu, na ndiyo inayokula pesa zao bure.

Video ambayo haijakunjwa ni kubwa kupita kiasi. Picha ya 1080p, mara 60 kwa sekunde, ni karibu megabiti 3,000 kila sekunde. Twitch wanapendekeza utume kama megabiti 6. Hiyo inamaanisha lazima mtu aikunje video yako karibu mara 500, papo hapo, bila kuchelewa, huku gemu ikiendelea. Huyo mtu anaitwa enkoda. Swali lote la kompyuta ya kustrimu ni hili: enkoda anakaa wapi?

Mwaka wa 2007 vijana wa Justin.tv walianza kurusha maisha ya Justin Kan moja kwa moja, kamera kwa kofia na kompyuta kwa begi la mgongoni. Baadaye wakaona watu wanaorusha gemu ndio wanaokua, na Juni 2011 wakaanzisha Twitch. Amazon ikainunua 2014 kwa karibu dola milioni 970. Mwaka wa 2012 ikatoka OBS, programu ya bure yenye msimbo wazi, na ghafla mtu yeyote angeweza kuwa kituo cha televisheni. Programu ilikuwa bure, lakini kazi ya kukunja video ilikuwa inafanywa na prosesa, na prosesa ya wakati huo, kumbuka, ilikuwa na wafanyakazi wanne tu. Gemu inawataka, video inawataka. Mastrima wakubwa wakatatua kwa pesa: kompyuta mbili. Moja inacheza, picha inapita kwa kadi ya kunasa, ya pili inakunja na kutuma. Ile picha ya chumba chenye kompyuta mbili ikakaa kwa akili za watu, na hadi leo kuna vijana wa Rongai na Kisumu wanaamini bila mashine mbili, au prosesa ya bei ya pikipiki, hawawezi kustrimu.

Lakini hivyo vita viliisha. Mwaka wa 2011 Intel iliweka enkoda ndani ya prosesa zake, ikaiita Quick Sync. Mwaka wa 2012 NVIDIA ikaweka yake ndani ya kadi, ikaiita NVENC. Mwanzoni picha zake hazikuwa nzuri, kila kitu kikisonga haraka unaona miraba miraba. Mwaka wa 2018, na kadi za RTX 20, NVIDIA ikaibadilisha kiasi kwamba kwa strimu ya kawaida watazamaji wengi hawaoni tofauti na kompyuta ya pili. Kazi iliyohitaji mashine nzima ikawa kona ndogo ya kadi moja.

Maana yake kwa mfuko wako ni mambo mawili.

La kwanza: ile mashine ya ofisi yenye i5 ya kizazi cha 8 tayari ina enkoda ndani ya prosesa. Miaka yote hiyo ilikuwa inafungua lahajedwali huko Uingereza na hakuna aliyeijali. Ukiweka OBS na kuchagua Quick Sync, una kituo. Kwa mtu anayeanza na gemu nyepesi, unaweza kustrimu kabla hata hujanunua kadi kubwa.

La pili: kadi si kadi tu. Kuna kadi zinazocheza gemu lakini hazina enkoda hata kidogo. GT 1030 haina NVENC. RX 6500 XT na RX 6400 za AMD, zilizotoka 2022, haziwezi kukunja video kwa vifaa vyake. Ni kadi zinazovutia kwa bei, na kwa mtu wa gemu tu si mbaya, lakini wewe unataka kustrimu. GTX 1650 ya kwanza, ya 2019, ina enkoda ya kizazi cha nyuma, wakati GTX 1650 Super na familia ya 1660 zina ile mpya. Kwa mashine ya ofisi isiyo na waya wa kulisha kadi, tafuta inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwa nafasi yake kwenye mazabodi. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inatumia kama wati 70 na ina enkoda nzuri. Ukipata hii, shika. Angalia tu usichanganye na 3050 ya GB 8, hiyo inataka waya wake.

Vita vidogo nitavipita haraka. Kadi ya sauti ilikuwa lazima tangu enzi za Sound Blaster ya Creative ya Singapore, mwaka wa 1989. Kufika miaka ya 2000 sauti ilikuwa ndani ya mazabodi. Usinunue kadi ya sauti, nunua maiki ya USB. Diski ya kuzunguka nayo ilishindwa na SSD. SSD ndogo ya Windows na gemu zako, diski ya zamani ya kuwekea video ulizorekodi, inatosha.

Waya wa baharini na waya wa stima

Listi za Wamarekani haziandiki vitu viwili, kwa sababu wao wanavichukulia kama hewa.

Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya kwa nje ilitegemea sana setilaiti, polepole na ghali. Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa, Julai SEACOM ikawashwa, mwaka uliofuata EASSy. Bila nyaya hizo hakuna strima Mkenya, hata awe na kompyuta ya aina gani. Na bado ni nyaya: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na sisi sote tukahisi. Kwa hivyo kabla ya kununua kifaa chochote, pima kasi yako ya kupandisha, sio ile ya kushusha wanayotangaza kwa bango. Kutuma megabiti 6 kwa utulivu unahitaji kama 10 halisi, ili ibaki nafasi ya gemu yenyewe. Na saa moja ya strimu hiyo inakula karibu GB 2.7. Kama uko kwa bando ya simu, piga hiyo hesabu kwanza. Kama huna faiba mtaani kwenu, kompyuta yako iwe ya kurekodi na kupakia usiku, na hakuna ubaya.

Stima nayo. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilizima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Hizo kubwa ni za habari, lakini zile ndogo za mtaa ndizo zinazoua vifaa: inapotea, inarudi kwa kishindo, inapotea tena. Pawa saplai ndicho kifaa ambacho wauzaji hupunguza gharama kwanza, kwa sababu hakuna anayekiangalia. Tangu 2004 kuna alama ya 80 PLUS inayoonyesha kifaa kilipimwa na hakipotezi umeme mwingi. Sio hakikisho la kila kitu, lakini ni mwanzo. UPS ndogo inakupa dakika za kuaga watazamaji na kuzima vizuri. Na tokeni: mashine inayovuta wati 300 kwa saa nne kila siku ni yuniti 1.2, yaani kama 36 kwa mwezi. Mwambie anayelipa stima kabla hajagundua mwenyewe.

Mpangilio wangu

Kwa hivyo nikiulizwa, mpangilio wangu ni huu. Kwanza pima intaneti. Pili, msingi: mnara wa ofisi wa kizazi cha 8 au zaidi, RAM GB 16, SSD. Ukiwa na pesa zaidi na unataka kuunganisha mwenyewe, chukua Ryzen ya soketi ya AM4, kwa sababu AMD iliishikilia soketi hiyo miaka mingi, na unaweza kuanza na prosesa ndogo ukapanda bila kubadilisha mazabodi. Tatu, UPS na maiki, kwa sababu watu huvumilia picha mbaya, sauti mbaya hawavumilii. Nne, mwisho kabisa, kadi, na ni yenye enkoda ya 2018 kuja mbele.

Najua wengi watapinga kuweka kadi mwisho wakati nimesema ndipo pesa inaenda. Pesa nyingi ndiyo iende huko, lakini ya baadaye, ukishastrimu miezi miwili mitatu na Quick Sync na kujua kama kweli unaipenda hii kazi. Vita vya kadi bado vinaendelea, na kwa vita vinavyoendelea mtu mwenye haraka ndiye anaumia.

Wapo wanaosema kununua mitumba ni kukubali kuwa wa mwisho duniani. Mimi siioni hivyo. PC nzima ilizaliwa na watu waliochukua vifaa vya wengine wakaviunganisha kwa haraka, na ikaenea kwa mikono ya watu waliokataa kuambiwa hawaruhusiwi. Kijana wa Kayole anayefungua OptiPlex, anasoma wati za pawa saplai na kumwambia muuzaji "hapana, nipe ya kizazi cha 8", yuko ndani ya historia hiyo hiyo. Ila yeye hana kampuni nyuma yake, ana mkopo wa chama. Mwezi ukiisha mama anatakiwa kurudisha, strimu iwe na watazamaji mia tatu ama watatu. Nunua ukikumbuka hiyo.